Hofu ya Chakula Kilichopigwa Mionzi

Tangu zamani wanadamu wamekuwa na vita na uozo. Samaki asiyeliwa leo huanikwa juani, au hutiwa chumvi, au hukaushwa juu ya moshi. Mahindi ya mbegu hutundikwa darini juu ya meko ili fukusi wasiyale. Njia hizi ni za kale, na mtu akila ng'onda haulizi kama chumvi ile itamdhuru, kwa maana alimwona baba yake akila, na baba yake alimwona babu. (Moshi na chumvi nyingi vina madhara yake pia, walakini watu hawaviogopi, kwa sababu wamevizoea.)

Katika karne ya 20 ilitokea njia mpya ya kuhifadhi chakula, nayo ni kukipitisha mbele ya mionzi mikali iuayo wadudu na vijidudu. Njia hii haikupokewa kama chumvi. Katika nchi nyingi watu waliiogopa. Wengine walisema chakula hicho kitamtia mlaji mionzi mwilini. Wengine, kwamba kitazaa sumu mpya isiyojulikana. Wengine, kwamba wenye viwanda watapata njia ya kuuza uchafu. Maneno hayo hayana uzito sawa. Baadhi yake yamekwisha jibiwa kabisa, na baadhi yake yangali na maana hata leo; asiyeyatenga hawezi kujua ni lipi la kuogopa.

Kwanza, mionzi ni nini? Nuru ya jua ni mionzi, na joto la moto likufikialo usoni ukiwa umekaa mbali ni mionzi. Ipo na mingine isiyoonekana kwa macho, nayo hupenya vitu visivyopenywa na nuru. Mwaka 1895 Mjerumani Wilhelm Röntgen aligundua mionzi ambayo waganga wa hospitali huitumia kutazama mfupa uliovunjika ndani ya nyama. Mwaka uliofuata Mfaransa Henri Becquerel akaona kwamba madini ya urani hutoa mionzi yenyewe, pasipo moto wala umeme. Haukupita muda mrefu watu wakatambua kuwa mionzi ya namna hiyo huua viumbe vidogo, na mwaka 1921 mtaalamu mmoja wa Marekani alionyesha kwamba yaweza kuangamiza minyoo iliyo katika nyama ya nguruwe. Lakini mitambo ya siku zile ilikuwa dhaifu tena ya gharama kubwa, na jambo hilo likalala.

Liliamshwa na vita. Mwaka 1945 mabomu mawili ya atomu yaliteketeza miji ya Hiroshima na Nagasaki katika Japani. Miaka minane baadaye, mwezi wa Desemba 1953, Rais Eisenhower wa Marekani alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa akataka nguvu za atomu zitumike kwa amani, katika ukulima, uganga na umeme. Kuhifadhi chakula kukawa mojawapo ya kazi zilizotafutiwa nguvu hizo. Hapo ndipo ilipo asili ya hofu. Chumvi hutoka baharini, na moshi hutoka jikoni. Lakini njia hii ilitoka katika nyumba ile ile iliyotoa bomu, na mtoto wa nyumba yenye sifa mbaya hutazamwa kwa shaka hata akiwa mwema.

Yafaa kuufahamu mtambo wenyewe ufanyao kazi hiyo. Katikati ya jengo kuna chumba chenye kuta za zege, unene wake kadiri ya mita 2. Chini ya sakafu limechimbwa birika la maji safi, kina chake mita 6 au zaidi. Ndani ya maji zimelala fito nyembamba za chuma zenye madini yaitwayo kobalti 60, ambayo hutoa mionzi usiku na mchana, wala hakuna awezaye kuizima. Maji ndiyo yaizuiayo isipande. Saa ya kazi ikifika, watu wote wakiisha kutoka na milango ikiisha kufungwa, fito huinuliwa kutoka majini. Ndipo masanduku ya chakula, yaliyokwisha fungwa tangu huko yalikotoka, huingia yakichukuliwa na mkanda, huzunguka polepole kando ya fito, kisha hutoka kwa njia nyingine. Chakula hakigusi kobalti hata kidogo. Hakipikwi, hakiloweshwi, wala sanduku halifunguliwi. Kila baada ya miaka 5 na miezi michache nguvu za kobalti hupungua nusu, na fito mpya hazina budi kuongezwa. Majengo mengine hayatumii kobalti bali mitambo ya umeme, ambayo ikizimwa mionzi hukoma papo hapo, kama taa.

Mionzi inayoingia katika chakula hupimwa kwa kipimo kiitwacho grei. Ili viazi na vitunguu visichipue ghalani, yatosha grei 50 hadi 150. Wadudu wa nafaka na wa matunda hufa, au huwa tasa, kwa grei zisizozidi 1,000. Vijidudu vya nyama viletavyo maradhi ya tumbo vyahitaji grei 1,000 hadi 7,000, na viungo vikavu hupewa hata 10,000. Sasa, mtu akipatwa na grei 5 tu mwili mzima aweza kufa. Si ajabu basi kama asomaye namba hizi hushtuka. Walakini grei 10,000 zikiingia katika maji huyapasha moto kwa digrii 2 na kidogo tu. Mionzi haiui kwa joto. Huua kwa kukata nyuzi nyembamba zilizomo ndani ya kila chembe hai, zile zibebazo maagizo ya uhai. Fukusi aliyekatwa nyuzi hizo hawezi kuzaa, na kijidudu hakiwezi kugawanyika kikawa viwili. Nyama iliyokwisha chinjwa haina uhai wa kupoteza. Mbegu inao, kwa hiyo mahindi yaliyopigwa mionzi yafaa kusagwa, lakini hayafai kupandwa.

Swali la kwanza la watu lilikuwa hili: je, chakula kikitoka mle chumbani, hakitoi mionzi chenyewe? Hakitoi. Mtu aliyepigwa picha ya mfupa hospitalini harudi nyumbani akiwatolea watoto wake mionzi. Ili kitu kigeuke kiwe chenye kutoa mionzi, viini vya atomu zake havina budi kupigwa kwa nguvu kubwa mno, na mionzi ya kobalti haina nguvu hizo. Mitambo ya umeme ingeweza kuzifikia kama ingeachwa bila mpaka, na kwa ajili hiyo kanuni za kimataifa zimeweka kikomo: elektroni-volti milioni 10 kwa mitambo irushayo elektroni, na milioni 5 kwa ile itoayo mionzi ya Röntgen.

Wengi huchanganya mambo mawili, kupigwa mionzi na kuchafuliwa na vumbi litoalo mionzi. Ukiimulika sahani ya wali kwa taa, ukaiondoa taa, wali ni ule ule. Ukiimwagia mafuta ya taa, hayo yamebaki chakulani, nawe hutakula. Bahati mbaya mambo hayo mawili yalifuatana. Tarehe 18 Aprili 1986 Serikali ya Marekani ilitangaza ruhusa ya kuyapiga mionzi matunda na mboga. Siku nane baadaye, tarehe 26, mtambo wa atomu wa Chernobyl ulilipuka huko Ukraine, iliyokuwa wakati ule sehemu ya Muungano wa Kisovieti. Upepo ukachukua vumbi la sumu mbali sana. Likaanguka juu ya majani, ng'ombe wakala, na maziwa yakawa hatari kwa watoto. Mwenye elimu ajua kwamba huo ulikuwa uchafu wa vumbi, yaani mafuta ya taa katika wali. Lakini mama wa nyumbani aliyesikia habari zote mbili katika mwezi mmoja, zikiwa na neno moja, angezitenganishaje?

Swali la pili ni gumu kuliko la kwanza. Je, mionzi haikibadili chakula? Hukibadili. Sehemu ndogo ya maji, mafuta na utomvu wake huvunjika na kuungana upya, kama ifanyikavyo pia chunguni. Vitamini nyingine hupungua, hasa B1 na C. Maziwa huharibika ladha, kwa hiyo hayafai kwa njia hii. Tena vipo vitu viitwavyo alkili-siklobutanoni, ambavyo hutokea mafuta yakipigwa mionzi. Mwaka 2002 watafiti wa Ulaya waliwanywesha panya vitu hivyo kwa wingi, pamoja na dawa nyingine iletayo saratani, wakaona uvimbe ukizidi. Halmashauri za Ulaya za wenye elimu ziliyachunguza majaribio hayo, zikasema hayatoshi kuonyesha kwamba mlaji wa kawaida yumo hatarini. Ni jibu la haki, ingawa halifanani na kusema kwamba hakuna la kuuliza tena.

Jaribio lililowatia watu hofu kuliko yote lilifanywa Hyderabad, Bara Hindi, na habari zake zilipigwa chapa mwaka 1975. Watoto waliodhoofika kwa njaa waligawanywa katika makundi ya watoto watano watano. Kundi moja lilipewa ngano iliyotoka kupigwa mionzi siku zile zile; jingine, ngano ya kawaida. Katika damu ya watoto wa ngano ya mionzi zilionekana chembe chache zenye nyuzi za uhai kupita kiasi. Habari hiyo ilisafiri duniani, na kwa miaka mingi kila aliyeipinga njia hii aliitaja.

Inafaa kuiangalia kwa makini, maana hapa ndipo elimu hujulikana na uvumi. Watoto watano ni wachache mno. Tena chembe za namna ile hupatikana kidogo katika damu ya watu wazima wa afya, hata wasiojua mionzi. Walakini kwa watoto waliokula ngano ya kawaida haikuonekana hata moja, jambo ambalo lilistahili kuwashangaza wapimaji wenyewe. Serikali ya India iliunda kamati, nayo mwaka 1976 ikasema ushahidi hautoshi. Wengine walirudia majaribio kwa wanyama bila kuona jambo lile. Katika miaka ya 1980 Wachina walifanya majaribio kwa watu zaidi ya 400 waliojitolea, wakala vyakula vilivyopigwa mionzi kwa wiki nyingi, na damu yao haikutofautiana na ya wenzao. Hata hivyo waliowajali watoto wa Hyderabad hawakuwa wajinga. Kama si wao kupiga kelele, huenda majaribio yaliyofuata yasingalifanywa.

Mwaka 1980 wataalamu walioitwa na mashirika matatu ya dunia, la chakula, la afya na la nguvu za atomu, walikata shauri kwamba chakula chochote kilichopigwa mionzi isiyozidi wastani wa grei 10,000 hakina sumu. Juu ya kipimo hicho mambo si mepesi sana. Mwaka 2008 na 2009 huko Australia makumi ya paka walipooza miguu. Ilionekana wote walikula chakula kikavu cha namna moja kilichotoka ng'ambo, ambacho kilipigwa mionzi ya grei 50,000 na zaidi kilipoingia nchini, ili kisilete maradhi ya mifugo. Serikali ikapiga marufuku kukipiga mionzi chakula cha paka. Paka wale walikuwa wakila chakula hicho kimoja siku zote, kwa kipimo kilichozidi mara tano kile cha mwaka 1980. Binadamu hali hivyo. Lakini asemaye kwamba mionzi haikuwahi kumdhuru mlaji yeyote, amewasahau paka wa Australia.

Swali la tatu halikuhusu sayansi, bali tabia ya wafanyao biashara. Watu walisema: mwenye machinjio akijua kwamba nyama yake itapigwa mionzi mwishoni, atajisumbua na usafi kwa nini? Maneno hayo si mapya. Mwaka 1908 mji wa Chicago ulipoamuru maziwa yapashwe moto kabla ya kuuzwa ili kuua vijidudu, walikuwapo waliosema kwamba amri hiyo itawafanya wenye ng'ombe wawe wachafu, na kwamba maziwa hayatakuwa maziwa tena. Leo ni wachache wayakumbukao mashindano hayo. Lakini hoja yao ilikuwa na kiini cha kweli, na katika mionzi kiini hicho chazidi. Mionzi huua vijidudu vingi, walakini haiondoi sumu ambayo vimekwisha itoa ndani ya chakula. Na baadhi ya virusi huishinda, pamoja na mbegu ngumu za vijidudu fulani. Nyama iliyooza hairudi kuwa njema. Mionzi yafaa kwa chakula kizuri tu.

Basi kwa nini watu waliendelea kuitaka? Mwanzoni mwa mwaka 1993, katika majimbo ya magharibi ya Marekani, watu zaidi ya 700 waliugua baada ya kula mikate yenye nyama ya ng'ombe ya kusaga isiyoiva vizuri. Wengi wao walikuwa watoto, na watoto 4 wakafa. Kijidudu kilichowaua hukaa matumboni mwa ng'ombe bila kumdhuru; ngozi ikichunwa ovyo huingia nyamani, na nyama ikisagwa hutapakaa kote. Mtu hawezi kukiona, wala nyama hainuki. Grei 1,000 hadi 3,000 zingaliweza kukiangamiza. Mwaka mmoja tu kabla yake, nyumba ya kwanza ya Marekani iliyojengwa kwa ajili ya kupiga chakula mionzi ilifunguliwa Mulberry, jimbo la Florida, nayo ilianza na matunda. Wapinzani walitangaza redioni na kutisha maduka, na wenye maduka wengi wakaogopa kununua. Nyama ya ng'ombe haikupewa ruhusa mpaka Desemba 1997. Haiwezekani kusema kwamba watoto wale wanne wangaliokoka, kwa maana moto wa jiko ulitosha kuwaokoa kama nyama ingaliiva. Lakini tangu msiba huo watu walianza kuiweka hofu ya mionzi katika mizani moja na hofu ya kijidudu.

Swali la nne liliulizwa na wachache, nalo ndilo lenye makaburi. Mlaji hakuwahi kuuawa na mionzi ya chakula. Waliouawa ni watumishi wa mitambo. Mwaka 1982, huko Kjeller, Norway, mtumishi mmoja aliingia chumbani akidhani kobalti imeshushwa, nayo haikushushwa. Akafa kabla ya mwezi kwisha. Mwezi wa Februari 1989, San Salvador, katika kiwanda kilichosafisha vyombo vya hospitali, fito zilikwama juu. Vyombo vya kuonya vilikuwa vibovu siku nyingi. Mtumishi aliingia na wenzake wawili wakazisukuma kwa mikono, wasijue kwamba walisimama mbele ya kifo, na mmoja wao akafa baadaye. Mwaka 1988, huko Decatur, jimbo la Georgia, mahali walipotumia madini ya sesiamu badala ya kobalti, chombo kilivuja ndani ya birika, na kulisafisha ikawa kazi ya miaka. Vyombo vya hospitali na chakula hupita katika mitambo ya namna moja. Basi aliye na haki ya kuogopa zaidi si mwenye kula ndizi sokoni, bali yule mwenye ufunguo wa mlango, hasa kama bwana wake ni bahili wa matengenezo.

Mashindano makubwa ya siku hizi ni juu ya alama. Ipo alama ya kimataifa iitwayo Radura, iliyotoka Uholanzi. Ni duara ya kijani ambayo nusu yake ya juu imekatikakatika, na ndani yake lipo umbo kama mche wenye majani mawili. Katika Marekani chakula kizima kilichopigwa mionzi hakina budi kuwa na alama hiyo pamoja na maneno ya kueleza. Lakini chakula cha mkahawani hakilazimishwi, wala kiungo kidogo kilichochanganywa katika chakula kingine. Katika nchi za Umoja wa Ulaya sheria ni kali zaidi, na hata chembe ya pilipili manga ndani ya soseji yapasa kutajwa. Wauzaji wengi huichukia alama, kwa maana mnunuzi akiiona huacha. Lakini asiyeambiwa, siku akijua kwamba alifichwa, hatawaamini tena hata wakisema kweli. Ulaya kazi hii imebaki ndogo. Ripoti zake za miaka ya 2010 zilionyesha kwamba chakula kilichopigwa mionzi kwa wingi kuliko vyote kilikuwa miguu ya vyura, ambayo wasomaji wengi wa Afrika hawataisikitikia.

Viungo ndivyo vyakula vinavyopigwa mionzi katika nchi nyingi zaidi. Pilipili manga na mdalasini huanikwa nje, kama karafuu zianikwavyo Pemba juu ya majamvi, na vumbi, ndege na wadudu hawana miiko. Zamani viungo vilifukizwa kwa gesi ya etilini oksidi, ambayo baadaye ilijulikana kuwa huleta saratani, na Ulaya ikaikataza.

Mfanya biashara aliyepiga viungo vyake mionzi asiandike alama aweza kukamatwa, na akamatwavyo ni jambo la kustaajabisha. Pilipili haisemi kitu; lakini juu yake hung'ang'ania chembe ndogo za mchanga wa pale ilipoanikwa. Chembe hizo, zikipigwa mionzi, huweka akiba ya nguvu ndani yake kwa miezi na miaka. Akiba hiyo si mionzi, wala haimdhuru mtu. Mpimaji huzikwangua chembe, huzitenga na pilipili, kisha huzipasha moto polepole katika chombo chenye giza. Zikiwa hazikupigwa mionzi, nuru yake huwa hafifu mno. Zikiwa zilipigwa, hung'aa kwa muda mfupi, na chombo huandika nuru hiyo.